Muuguzi Aliyeitwa Dokta

Kule kwetu Marekani, kwenye milima ya Appalachia, mtu akikufaa siku ya shida hupewa jina, na jina hilo humng'ang'ania mpaka kaburini. Oleta Stidham tulimpa jina la Dokta. Hakulitafuta, wala hakughushi cheti cha mtu. Alikuwa muuguzi mtabibu, yaani muuguzi aliyerudi shule akiwa mtu mzima, akasomea kupima wagonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa, akashinda mtihani, na bodi ya uuguzi ya jimbo ikampa leseni. Leseni yenyewe ilitundikwa ukutani, mkabala na meza yangu ya mapokezi. Ilisema muuguzi, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma.

Kliniki ilikuwa ndani ya jengo la benki iliyofungwa, hapo Caney Fork, karibu na daraja. Chanjo tuliziweka kwenye chumba cha chuma kilichokuwa cha kuhifadhia fedha, na watu walipimwa presha mahali pale pale walipokuwa wakipanga foleni zamani kuchukua mishahara ya mgodi. Daktari wetu wa mwisho alikuwa ameshahamia Florida. Mgodi nao ulibaki jina. Oleta angeweza kuendelea na kazi yake katika hospitali ya mji mkubwa, alikokuwa muuguzi wa wodi kwa miaka mingi. Lakini baba yake alikufa akihema, mapafu yamejaa vumbi la makaa, na jirani hapakuwa na mtu wa kumsikiliza kifua. Kwa hiyo alirudi.

Sheria ya jimbo letu ilimpa uwanja wake na kuuwekea uzio. Leseni yake ilikuwa ya kutibu familia: presha, kisukari, vifua, watoto wenye homa, mikono iliyokatwa na msumeno. Hata mtu aliyeelemewa na huzuni, Oleta angeweza kumpa dawa. Lakini maradhi mazito ya akili yana wauguzi watabibu wake, waliosomea hayo na kupewa leseni ya hayo. Tena ilimlazimu awe na mkataba na daktari, mtu wa kumuuliza kila jambo linapomzidi kimo. Daktari wake alikuwa mzee Prewitt wa wilaya ya jirani, mtu mwenye sauti nzito na viatu vya kung'aa. Alikuwa akija, anapitia mafaili mawili matatu, anakula keki niliyooka, anasema, "Oleta, wewe ungekuwa daktari mzuri sana," halafu anaondoka zake.

Mwanzoni Oleta alikuwa akitusahihisha. Mtu akisema Dokta, yeye anajibu, "Mimi ni muuguzi, bwana. Daktari wangu ni Prewitt." Alilisema hilo hata akiwa na uzi wa kushonea mkononi. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye hata tabasamu likaisha, akawa anaitika. Nilimsikia siku moja akipokea simu ya duka la dawa, na yule wa upande wa pili nadhani aliuliza anaongea na nani, kwa maana Oleta alinyamaza kidogo, akasema, "Dokta Oleta hapa." Aliponiona namtazama, aligeukia dirishani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini sisi tulikuwa tukimsifu kwa haki, na tembo lake kwa muda mrefu lilikuwa zuri.

Basi, mwisho wa majira ya baridi Mama Zelpha Napier alimleta mke wa mwanawe. Huyo mkamwana aliitwa Tamsie. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye vishimo mashavuni, na katika kwaya ya kanisa letu hakuna aliyemshinda kuimba sauti ya pili. Mama yake mzazi alikuwa amekufa wakati wa Krismasi. Tangu hapo alikuwa halali vizuri, hali, haogi mpaka alazimishwe. Siku hiyo alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia.

Mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa haufungi sawasawa, kwa hiyo niliwasikia.

"Mwanangu Dokta," alisema Mama Zelpha, "nimemleta kwako. Kwa wale wa mjini simpeleki. Wale wanakuangalia kama umewakanyagia zulia."

"Tamsie, dada yangu," Oleta akasema, "una mawazo ya kujidhuru?"

"Sitaki kufa. Nimechoka tu kuamka."

Oleta alimuuliza mengi, taratibu, kama alivyofundishwa. Halafu akauliza kama iliwahi kumtokea kinyume chake, siku za kukosa usingizi bila kuchoka, mwili umejaa nguvu, maneno yanamtoka mbio.

Mama Zelpha akacheka. "Huyu? Muulize kabla hajaolewa. Alipaka rangi nyumba nzima ya mama yake, ndani na nje, wiki nzima hajui kitanda. Njano tupu. Mpaka banda la kuku. Kuku wenyewe waliponea kupakwa rangi kwa sababu walikimbia."

Tamsie alitoa kicheko kidogo, cha kwanza baada ya miezi. Mimi nilicheka huko mapokezi. Na Oleta naye alicheka.

Baadaye aliniambia kwamba wakati anacheka kuna kitu kilimgonga kifuani. Alijua maana ya ile nyumba ya njano. Kuna watu ambao huzuni yao ni upande mmoja tu wa ugonjwa, na ukiwapa dawa ya kuinua huzuni peke yake, unaweza kuwainua mpaka wakapasua dari. Hilo alilisoma. Alijua pia kwamba hapo ndipo uzio wake ulipoishia, na kwamba dawa ya mtu wa namna hiyo si yake kuianzisha bila kuuliza. Simu ilikuwa mezani. Lakini Mama Zelpha alikuwa amekaa pale, mkoba magotini, macho yamejaa imani.

"Tumpigie kwanza Daktari Prewitt?" Oleta alisema, nusu anajiuliza mwenyewe.

"Wa nini?" Mama Zelpha akasema. "Wewe unatosha."

Na Oleta akatosha. Aliandika dawa ya huzuni.

Kwa wiki chache ilikuwa kama muujiza. Tamsie aliamka, akaoga, akarudi jikoni shuleni. Mama Zelpha alitangaza habari hiyo kanisani, dukani na kwenye saluni. Kisha Dwight, mume wa Tamsie, dereva wa lori la magogo, akaja peke yake. Dwight si msemaji. Alisimama mbele ya meza yangu akizungusha kofia.

"Naomba dakika moja na Dokta."

Oleta alitoka wakaongea hapo hapo, mgonjwa mwingine akisubiri.

"Halali," Dwight akasema. "Anafua mapazia usiku. Jana amenitukana, na Tamsie hatukani mtu."

"Dawa inamchangamsha. Ameze asubuhi badala ya jioni. Na hasira ni sehemu ya msiba, Dwight. Nitamwongezea kidogo."

"Umwongezee?"

"Kidogo tu."

Dwight alimtazama, akavaa kofia. "Wewe ndiye unayejua," akasema, akaondoka.

Mwezi wa Mei huwa tuna Jumapili ya kupamba makaburi. Watu wanarudi kutoka Ohio na Michigan walikokwenda kutafuta kazi, tunapanda wote kilimani, tunafyeka nyasi, tunaweka maua, na chini ya mialoni tunapanga meza ndefu: kuku na matonge ya unga, maharage mabichi yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, keki za matabaka zenye tofaa kavu. Mchungaji anaomba, kwaya inaimba, ndipo tunakula.

Tamsie alifika amevaa gauni lake la harusi. Halikufungika mgongoni, alikuwa amelibana na pini za nguo. Alipita meza hadi meza akiwakumbatia watu na kuwaambia mambo. Kwa mjane wa Fugate alisema anajua nani hulala kwake siku za Alhamisi. Funguo za lori la mumewe alimpa mpwa wa mchungaji, kijana ambaye hajui hata kuendesha, akamwambia Mungu amesema ni lake. Wengine walianza kucheka. Kisha akapiga mbio hadi kwenye kaburi la mama yake, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Alisema mama anabisha hodi na sisi tunakula tu.

Gauni jeupe lilijaa udongo mwekundu. Binamu mmoja wa Ohio aliinua simu yake akapiga picha za video. Dwight alimkamata mkewe kiunoni, naye akampiga usoni kwa kiwiko, damu ya pua ikamtoka mwanamume yule mbele za watu wote, na bado hakumwachia.

"Dokta," watu wakaita. "Dokta Oleta yuko wapi? Dokta, fanya kitu."

Oleta alikuwa amesimama na bakuli la maharage mkononi. Nilikuwa karibu naye. Uso wake ulikuwa umeiva mpaka shingoni.

"Mimi si daktari," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na watu wakadhani amechanganyikiwa na joto, maana si wakati wa kusema neno kama hilo. Kisha akaweka bakuli chini, akaenda akapiga magoti udongoni, akamshika Tamsie mikono, akamwambia mtu aite gari la wagonjwa.

Hospitali walimtuliza. Daktari wa zamu alitaka kujua dawa aliyokuwa akitumia, na Oleta akamtajia. Daktari aliinua nyusi, hakusema zaidi. Dwight ndiye aliyesema. Alimkuta Oleta kwenye korido, pamba zimejaa puani mwake.

"Wamesema dawa ile haikumfaa. Wamesema mtu angeuliza habari za zamani angejua." Alikuwa hapazi sauti. "Ulimuuliza Prewitt?"

Na Oleta Stidham, mtu aliyewaosha maiti wetu na kuwazalisha wanawake wawili barabarani wakati wa theluji, alisema, "Niliongea naye."

"Na yeye akasema sawa?"

"Akasema sawa."

Dwight alitikisa kichwa polepole. "Basi ndivyo ilivyoandikwa," akasema, akarudi kukaa na mkewe.

Kesho yake Oleta alimpigia Prewitt ili amweleze. Alidhani atagombezwa, na nadhani alitamani kugombezwa. Mzee alisikiliza, akakohoa.

"Umemwambia tuliongea?"

"Nilimwambia."

"Basi tuliongea. Nikija nitaweka neno kwenye faili. Sikiliza, mwanangu, hayo yanatokea. Sheria hizi zilitungwa na watu ambao hawajawahi kukaa mbali na hospitali. Hakuna haja ya watu kuumbuka bure."

Alishukuru. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi baadaye, kwamba alishukuru.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, hata nikashangaa. Kumbe kila mlango ukifunguka moyo unamruka. Kisha akaingia Dwight, amenyoa, amevaa shati safi. Alishika chupa ya asali ya mizinga yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," alimwambia Oleta. "Nilikuuliza vibaya pale hospitali, kama vile nakushuku. Mtu mmoja dukani alianza kukusema jana, nikamwambia afunge mdomo. Nikamwambia Oleta alimuuliza daktari kabisa, kama inavyotakiwa. Kama ni kosa, si la kwako."

Aliweka asali juu ya meza yangu. Oleta aliitazama. 

"Ahsante, Dwight," akasema.

Dwight alipotoka, Oleta aliingia chumba cha chuma akafunga mlango. Nilisubiri, nikaona wagonjwa wanaongezeka, nikaenda kugonga. Akaniambia kutoka ndani, "Arvella, waambie warudi kesho." Sikuwahi kusikia akisema hivyo. Nilipofungua nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye friji ya chanjo, na hapo ndipo aliponisimulia yote, kuanzia nyumba ya njano. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea akitazama viatu vyake.

"Ningekuwa sijui, ningepata mahali pa kujificha," alisema. "Lakini nilijua, Arvella. Swali la kumuuliza Prewitt nilikuwa nalo kwenye ulimi. Niliona haya kuonekana nauliza. Sasa mtu ananiletea asali."

"Utafanyaje?"

"Sijui kama nina ubavu wa kulifanya ninalopaswa kulifanya."

Aliupata, au alijisukuma bila kuwa nao. Tamsie alipotoka hospitali, Oleta alikwenda kwao na asali ile. Mimi nilimwendesha gari, akanisihi niingie naye, nikaingia. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Tamsie alikuwa kwenye kochi, blanketi mabegani, mikono inatetemeka kidogo kwa dawa mpya, kucha bado zina mstari wa udongo ambao ulikataa kutoka. Mama Zelpha alikuwa anakatakata maharage. Dwight alisimama kwenye mlango wa jikoni.

Oleta hakuketi. Alisema hakumpigia Prewitt, wala mara ya kwanza wala alipoongeza dawa. Alisema alijua habari ya kutolala wiki ile inaweza kuwa na maana gani, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo hakuwa wake kumtibu peke yake. Alisema alimdanganya Dwight koridoni, na akamdanganya tena kwa kunyamaza alipopokea zawadi. Aliyasema kwa mpangilio, kama anatoa ripoti ya zamu, sauti kavu kabisa. Halafu akaweka chupa mezani.

Dwight alitoka nje. Tulisikia akipasua kuni, ingawa ulikuwa mwezi wa Juni.

"Ah, yameshapita," Mama Zelpha akaanza. "Sote tulicheka siku ile. Mimi ndiye niliyesema habari za kuku."

"Mama, wewe si muuguzi," Oleta akasema.

 Tamsie alisema polepole, ulimi mzito.

"Unajua ninachokumbuka? Nakumbuka yote. Watu wanadhani mtu akiwa vile hakumbuki." Alivuta blanketi. "Mjane wa Fugate haji tena kanisani kwa sababu yangu. Watoto shuleni wana ile video. Mimi ndiye nitakayewapakulia chakula."

"Tamsie, nina aibu ambayo siwezi—"

"Usiniambie habari za aibu, Oleta." Hakupaza sauti. Hakusema Dokta pia. "Yako umekuja nayo ndani ya gari, na utaondoka nayo kwa gari. Mimi nilicheka kidogo pale kwako, nikajisikia mtu. Kumbe mlikuwa mnachekea ugonjwa wangu, na mmoja wenu alikuwa anajua."

Oleta aliinamisha kichwa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini aliyeumbuliwa hapa alikuwa hai, na mwosha ndiye aliyemvua nguo. Tukaondoka.

Wiki hiyo hiyo alijiripoti mwenyewe kwa bodi ya uuguzi, akampigia Prewitt kumwambia asiandike neno lolote kwenye faili. Nilisikia sauti ya mzee ikinguruma kwenye simu toka nilipokuwa.

"Unataka kunivua nguo na mimi?"

"Sijakutaja kwa baya, Daktari. Nimesema sikukuuliza. Ndio ukweli."

"Basi tafuta mwingine wa kutouliza," akasema, na akavunja mkataba.

Bila mkataba hakuruhusiwa kuandika dawa. Kliniki ikafungwa. Nilibandika tangazo mlangoni, na watu wa kisukari na presha wakaanza kusafiri kuvuka milima miwili. Hapo ndipo yalipozuka mengine. Watu walikasirika, na hasira yao haikwenda kwa Oleta. Ilikwenda kwa akina Napier. Nilikuwepo dukani mtu mmoja alipomwambia Mama Zelpha mbele ya wote, "Haya, mmefurahi? Mkamwana wenu anapandwa na wazimu, sisi tunafungiwa kliniki."

Oleta alikuwa nyuma ya rafu za unga. Alitoka na kikapu chake.

"Burl," alimwambia yule mtu, "aliyefungisha kliniki ni mimi. Tamsie aliletwa akiwa mgonjwa, nikampa dawa isiyomfaa bila kuuliza niliyetakiwa kumuuliza. Halafu nikasema uongo. Ukitaka kumsema mtu, niseme mimi hapa nilipo."

"Aa, Dokta, sisi tunajua ulijitahidi. Hao wa bodi ni watu wa mjini tu."

"Wa bodi hawajafanya kitu. Na mimi ni muuguzi."

Burl alicheka kwa kutojua afanye nini. "Unajipaka matope bure, mama."

Ndivyo ilivyokuwa majira yote ya joto. Kila alipojishitaki, walimtetea, na kila walipomtetea, alizidi kuinama. Aliniambia ingekuwa nafuu wangemtemea mate. Aliacha kukaa kiti chake cha mbele kanisani, akawa anakaa karibu na mlango na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Vuli ilipoingia aliitwa na bodi makao makuu ya jimbo. Nilikwenda naye. Nilitegemea majaji, nikakuta meza na watu wazima wenye miwani, wengi wao wauguzi. Mmoja, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ndiye aliyeuliza maswali mengi. Hakuwa mkali, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi.

"Bi. Stidham, simu ya Daktari Prewitt ilikuwa haipatikani?"

"Ilikuwa inapatikana."

"Alikuwa amekukatalia msaada huko nyuma?"

"Hapana."

"Ulikuwa na wagonjwa wengi mno siku hiyo?"

"Hapana. Ilikuwa siku nyepesi."

Yule mama alivua miwani. Nadhani alikuwa anamtafutia mahali pa kushika, na Oleta alikuwa anakataa kila kamba.

"Basi tueleze kwa nini hukupiga."

"Niliona aibu kutokujua mbele ya watu wanaoamini ninajua," Oleta akasema. "Walikuwa wananiita daktari. Nilikuwa nimeshaacha kukataa."

 Mtu mmoja mwisho wa meza aliandika kitu.

Hawakumnyang'anya leseni. Walimpa karipio, na karipio hilo likawekwa kwenye mtandao wao chini ya jina lake, ambapo mtu yeyote akilitafuta analiona mpaka leo. Wakamtaka arudi darasani kwa masomo kadhaa, afanye kazi chini ya uangalizi wa karibu wa daktari kwa muda, na asiguse dawa za maradhi ya akili mpaka watakaporidhika. Njiani kurudi tulifika mahali pa kuuona mto wetu. Akasema, "Nilidhani wakishaniadhibu nitajisikia mwepesi." Sikumuuliza kama alijisikia hivyo. Nilikuwa naona mikono yake ilivyofumbata mkoba.

Daktari Lisle, mwanamke kijana wa wilaya ya pili, ndiye aliyekubali kuingia naye mkataba. Huyu hakuwa mtu wa keki. Alikuja kila wiki, akakaa, akasoma faili moja moja, na pale alipoona pamekosewa alisema hapo hapo, hata mimi nikisikia. Kliniki ikafunguliwa kabla ya theluji ya kwanza. Watu walirudi na lile jina lao la Dokta, naye akawa anasema "muuguzi" kila mara, asubuhi mpaka jioni, mpaka Burl akasema, "Haya, basi, Muuguzi Dokta." Watu walicheka. Oleta hakucheka, akamfunga Burl kipimo cha presha mkononi.

Tamsie alitibiwa na muuguzi mtabibu wa magonjwa ya akili, mwanamke wa mjini aliyeongea naye kwa video kutoka chumba kimoja cha maktaba. Ilichukua muda kupata dawa iliyomkaa. Alinenepa, akapungua, akanenepa tena. Shuleni alirudi baada ya Krismasi. Mtoto mmoja alimuuliza kwenye foleni kama ni kweli alitaka kumfufua mama yake, naye akajibu, "Ndiyo. Wewe wako yupo? Haya, mpelekee salamu, chukua viazi." Habari hiyo ilizunguka mji mzima kwa siku moja, na baada ya hapo watoto wakamwacha. Lakini kanisani kwetu hakurudi kuimba. Yeye na Dwight walihamia kanisa la upande wa pili wa mlima, na kliniki kwetu Tamsie hakukanyaga tena. Mama Zelpha bado anakuja kupima presha. Anamzungumzia kila mtu isipokuwa mkamwana wake, na Oleta haulizi.

Nilishuhudia walivyokutana mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa Agosti, msimu wa kuhifadhi nyanya na maharage kwenye mitungi ya kioo, na mimi na Oleta tulikuwa dukani. Tulipokata kona ya rafu, Tamsie alikuwa amesimama hapo, kikapu mkononi, vishimo vyake vya mashavu vimerudi. Hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Rangi ilimpanda Oleta kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Tamsie aliangalia rafu tupu.

"Vifuniko vya mitungi vimeisha?" akauliza.

"Vimeisha," Oleta akajibu. "Wamesema vinakuja Ijumaa."

"Ijumaa," Tamsie akasema. Akapita katikati yetu, akaenda kulipa.

Oleta alisahau alichokuja kununua. Tulitoka mikono mitupu, akaketi ndani ya gari na funguo mapajani, nami nikakaa kando yake mpaka alipokuwa tayari kuwasha.